Mashimo Saba kwenye Ukuta wa Agnella

Agnella wa Kibaoni amewachomea watu matofali tangu ujana wake, na yeye mwenyewe analala kwenye kibanda cha miti na udongo. Aliposikia kule Kidatu wanafundisha kujenga kwa paneli za saruji na pumba za mpunga, alipanda basi akaenda, na miaka yake hamsini na miwili. Alirudi anajua kazi. Paneli ni nene, imejaa ndani, ulimi wa moja unaingia kwenye mfereji wa mwenzake, na ukuta unabeba paa wenyewe bila nguzo hata moja.

Nyumba ya kwanza alimjengea mama yake, Bibi Stefania, aliyekuwa akikohoa mle kibandani. Alitaka amhamishe kabla ya masika.

Akaja Raimundi, afisa wa majengo, kijana mdogo tu. Shikamoo hakutoa. Aligonga ukuta, akauliza nguzo ziko wapi.

"Hazipo," Agnella alimjibu. "Ukuta wote ndio unaobeba. Karatasi za mafunzo hizi hapa."

Karatasi hakuzigusa. Alichukua drili akatoboa mashimo saba, anatafuta nguzo zilizofichwa! Mimi jirani nilikuwepo, nikahesabu, na mpaka leo damu inanichemka. Zilipotoka pumba na vumbi la saruji tu, akapaka X nyekundu juu ya mlango: isikaliwe mpaka mkubwa wake aje kukagua. Agnella alikwenda ofisini mara nne. Kila mara aliambiwa asubiri.

Mvua haikusubiri. Maji yaliingia kibandani, na wiki ya pili ya masika Bibi Stefania akafa kwa homa ya mapafu. Kibanda kile kina nguzo kumi na mbili. Nazo nilizihesabu.

Agnella hakuomba ruhusa ya mtu. Tulipitisha jeneza chini ya ile X, tukaliweka sebuleni kwenye nyumba mpya. Raimundi naye alikuja msibani, mvua ikatusukuma sote ndani. Baada ya muda nikamwona amechoka kusimama, ameegemea ukuta, mgongo umefunika mashimo mawili.

Agnella akamkazia macho. Kijana alijitoa ukutani haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Egemea tu, mwanangu," Agnella akasema. "Mama alikuwa anaisubiri nafasi hiyo hiyo."