Chakula cha Mzee wa Ipiros

Agneta ni Mluhya wa Kakamega. Huu mwaka wake wa sita hapa Al Twar, huku kwa Waarabu, nyumba ya jirani yetu, anamtunza baba wa madam wake, mzee wa Kigiriki aliyelima mkonge Tanga tangu ujana. Ndiyo maana walitaka mtu wa Kiswahili. Kiingereza mzee keshakisahau.

Mie wa Unguja, na Agneta nilimwita Mbara, mtu wa bara, tangu siku ya kwanza. Akachukia, akaacha kuja kunywa kahawa. Shauri yake.

Mwezi uliopita mzee akagoma kula. Madam akasema, wiki ikiisha hivi, anampeleka nyumba ya wazee, na viza ya Agneta khalas. Na Agneta anasomesha watoto wawili.

Akaja kugonga kwangu, uso umemshuka.

"Bibi, twende ukaongee naye. Wewe unajua kuudhi watu."

Nikaenda. Mzee kafumba macho, wali na samaki vinapoa mbele yake. Nikamwuliza kwao wapi.

"Ipiros."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Bara. Watu wa visiwani, wa Korfu, walitutazama ng'ambo wakatuita bara. Jina likabaki."

"Alaa! Hata jina mkangoja sisi wa visiwani tuwape?"

Akafumbua macho. "Visiwa! Mawe na mbuzi wawili! Bara ni mama, bibi wewe. Kwetu maneno yana ya kiume na ya kike, na Ipiros ni la kike."

"Mbona linaishia kama majina yenu ya wanaume? Wote nyinyi mnaishia hivyo hivyo."

"Linaishia hivyo, na ni la kike! Ndivyo lilivyo tangu kale!"

"Nchi imevaa kanzu ya mumewe."

Akapiga meza. Agneta akamtia kijiko. Akatafuna upesi apate kunijibu, akajibu, akatiwa kingine. Sahani ikaisha, na mie nimeshaitwa mbuzi mara tatu.

Nikaenda siku sita nyingine. Kila siku visiwa na bara, kila siku sahani tupu. Ijumaa madam alikuwepo, akasimama mlangoni akatazama mpaka mwisho.

"Basi abaki hapa," akasema. "Na wewe, Agneta, leta pasipoti tuhuishe viza."

Agneta akanisindikiza mpaka getini.

"Kesho saa saba, Bibi. Na usije na adabu."

"Nitakuja. Kahawa iwe tayari."

Mbara sikumwita. Mdomo ulikuwa umechoka.