Dakika Mbili za Turbo

Nilinunua gari la mbio nikiwa na mke mjamzito na nyumba kwenye mteremko wa udongo mwekundu, upande wa Kebirigo. Ukitaka kucheka, cheka. Watu wa sokoni walinicheka waziwazi, na mimi nikawacheka wao, nikidhani wivu ndio unaowasumbua. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mpima ardhi mjini Kisii, kijana wa ofisi mwenye suruali pana chini, na mbishi ajabu.

Mke wangu aliishi nyumbani, ndani ya boma la baba yangu, kama walivyoishi wake wengi wa watumishi wa serikali: mume mjini siku za kazi, mke shambani na chai yake. Miaka mitatu nyuma tulikuwa tumempoteza mtoto wetu wa kwanza. Uchungu ulimshika mama yake asubuhi, gari la kukodi likapatikana mchana, likapanda vilima likikohoa, na tulipofika hospitalini mtoto alikuwa amekwisha kufia tumboni. Mke wangu aliposhika mimba ya pili hakuniomba nguo wala viatu. Aliniambia, "Safari hii nataka kufika mapema." Basi, hayo tu. Kila nilichofanya miezi ile nilijiambia nakifanya kwa ajili ya maneno hayo.

Huko Kericho, kwenye mashamba makubwa ya chai, Wazungu wawili walikuwa wakijiandaa kurudi kwao, na kila mmoja aliuza gari lake la mbio. Yote mawili yalikuwa ya milango miwili, ya kukaa chini karibu na barabara. Moja lilikuwa la kijani, lenye injini kubwa. La pili lilikuwa la rangi ya fedha, injini yake ndogo. Nilikwenda na mke wangu kuyatazama, na fundi mzee aliyeyatunza yote mawili akatufungulia boneti.

"Hii ya kijani inavuta hewa yenyewe, kama wewe na mimi," alisema. "Hii nyingine iko na turbo. Moshi ya ekzosi inazungusha hii kitu hapa, na hii kitu inasukuma hewa kwa injini kwa nguvu. Ndiyo maana ni ndogo lakini inakimbia."

Tukayajaribu. La kijani lilikuwa tulivu. Ukikanyaga kidogo linakupa kidogo, ukizidisha linazidisha, hakuna ajabu. Vilimani lilikuwa zito kidogo, lakini lilipanda. Lile la fedha, ukikanyaga hupati kitu. Unahesabu moja, mbili, halafu ghafla linakurupuka na kichwa chako kinagonga kiti. Nikasikia mluzi mwembamba kutoka kwenye injini, na moyo wangu ukawa umekwisha kuuzwa.

"Tuchukue la kijani," mke wangu alisema. "Hilo lingine linanishtua tumbo."

Nikamweleza. Nilisimama kando ya barabara nikamweleza kama mwalimu: sisi tunaishi juu, hewa yetu ni nyepesi, injini inayovuta yenyewe huku kwetu hupungukiwa na pumzi, lakini turbo huirudishia pumzi hiyo. Nikamwonyesha kwa vidole tofauti ya kimo kati ya Kisii na Kebirigo, mimi niliyepima vilima hivyo kwa mikono yangu. Kila neno lilikuwa kweli. Hiyo ndiyo hatari ya mtu aliyesoma kidogo, anaweza kukosea huku akisema kweli tupu. Sikumwambia kwamba ninachotaka ni ule mruko.

Aliyatazama magari, akanitazama mimi, akasema, "Wewe ndiye unayejua." Kisha akavuka barabara kwenda kununua machungwa.

Ni wakati huo, mke wangu akiwa ng'ambo ya barabara, fundi aliponishika mkono. "Kijana, sikia. Ukiwa umeikimbiza, usizime hapo hapo. Hii turbo inazunguka ikiwa moto sana, na ni oili tu inaipoza. Ukizima, oili inasimama, inaungua huko ndani. Wacha ingurume dakika mbili, ndiyo uzime. Dakika mbili. Umesikia?"

Nilisema nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia.

Sasa nikueleze habari za baba yangu. Alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa wale wa zamani, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Jua likizama Ijumaa, kazi zote zilikoma kwake: shoka lilipumzika, redio ilifunikwa kitambaa, na hakuna injini iliyonguruma ndani ya boma hadi jua la Jumamosi lizame. Kila Ijumaa jioni alisimama langoni, mikono nyuma, akiangalia upande wa barabara. Zamani nilipokuwa nikija kwa basi, mara nyingi nilimkuta giza limekwisha kuingia, naye hakusema kitu. Alinipa mgongo tu, akatangulia kuteremka. Mgongo ule uliniuma kuliko matusi.

Nilipopata gari nikaona mambo yamekwisha. Ofisi ilifungwa saa kumi na nusu, na jua la kwetu huzama baada ya saa kumi na mbili na nusu. Muda ulikuwa tele. Lakini kwa kuwa gari lilikuwa na mbio, nilianza kuchelewa kutoka mjini. Chai na fulani, mazungumzo na fulani, kuzunguka sokoni mara moja ili nionekane. Halafu saa kumi na mbili kasoro naruka kwenye usukani na kulikimbiza kupita Nyamira, kuku wakitawanyika, mama wenye mizigo wakinilaani, turbo ikipiga mluzi kila mlima. Nafika langoni, ncha ya jua ikiwa bado juu ya kilima, baba amesimama. Hapo hapo nazima injini na kuliacha gari liteleze lenyewe mteremkoni, kimya, hadi chini ya banda la mabati. Baba aliinamisha kichwa kidogo. Nilikuwa mwanamume wa miaka thelathini na moja, lakini ningefanya lolote kwa ajili ya kichwa kile kuinama.

Injini ilikuwa moto kiasi cha kukaangia yai. Nilijua. Kila Ijumaa maneno ya fundi yalinipitia masikioni, na kila Ijumaa nilizima. Ningeweza kutoka ofisini mapema. Ningeweza kuendesha polepole maili ya mwisho. Ningeweza kumwambia baba. Lakini kwetu, kati ya baba na mwana aliyeoa kuna chinsoni, heshima iliyochanganyika na aibu. Baba haingii nyumba ya mwanawe. Mwana naye hamkabili baba yake na kumwambia kwamba Sabato ingoje chuma kipoe. Nilijua angenijibu nini, au nilidhani najua: kwamba nimeanza kuabudu gari.

Baada ya miezi michache lilianza kutoa moshi wa buluu. Nilikuwa Mosocho siku hiyo, napima mipaka, na mwenye shamba akaniuliza kama nimekuja kufukuza nyuki. Nilicheka na wengine. Mluzi wa turbo ulikuwa umegeuka kuwa mkwaruzo. Nililipeleka kwa fundi mwingine, wa mjini Kisii, akachungulia, akapitisha kidole kwenye mafuta, akanusa.

"Wewe unazimanga hii gari ikiwa moto?"

"Mimi? Hapana," nikasema.

Alikifuta kidole kwa kitambaa. Akasema kifaa kipya kitatoka ng'ambo na kitachukua wiki nyingi, na kabla ya hapo nisilikimbize sana. Kliniki walikuwa wamemwambia mke wangu bado wiki tatu. Ningeweza kukodi gari la mtu na kuliegesha nyumbani wiki zile tatu. Wazo hilo lilinijia, na nikaona litanifanya nichekwe.

Uchungu ulimshika siku ya Sabato, saa nne asubuhi, watu wote wakiwa kanisani. Nilimwingiza garini kwa shida. Kiti kilikuwa chini mno, ikabidi nimshushe kwa makwapa huku akiuma ukingo wa leso. Liliwaka. Likapanda hadi langoni, likaingia barabarani. Tukapita kituo cha kukusanyia majani ya chai, kimefungwa, kwa kuwa wenye chai wa pale wote ni Wasabato na hakuna lori linalokuja siku hiyo. Tukapita soko la Kebirigo. Mlima wa mbele yake si mkali. Nikakanyaga, nikahesabu moja, mbili, nikaendelea kuhesabu. Kisha ukatoka mlio wa chuma kula chuma, moshi ukajaa nyuma yetu hata barabara isionekane, na injini ikafa.

"Ni nini?" mke wangu aliuliza.

"Mlima," nikamwambia. "Mlima huu ni mkali, limechoka. Litapoa."

Hakuna kitu kilichopoa. Nilikimbia mbele, nikakimbia nyuma, barabara ya Sabato ikiwa tupu. Aliyetuokoa ni mfanyabiashara mmoja Mkatoliki aliyekuwa akipeleka ndizi sokoni kwa pikapu kuukuu. Hakuuliza swali hata moja. Alitelemsha mikungu yake kando ya barabara, yote, akatandaza majani ya migomba na koti lake, tukamlaza mke wangu. Pikapu ile ilipanda kilima kwa gia ya kwanza, ikilalamika njia nzima, lakini ilipanda.

Mtoto alizaliwa kabla hatujafika Nyamira. Msichana. Alilia mara moja, sauti ndogo, kisha akawa kama anayetafuta pumzi na kuikosa. Nilimshika kifuani, nimemfunika kwa shati langu, nikimsihi yule bwana aongeze mwendo, naye alikuwa amekanyaga hadi mwisho. Hospitalini walimpokea mbio na wakafanya yote waliyoweza. Alasiri alituacha. Mama yake alikuwa amepoteza damu nyingi, akalazwa siku tisa.

Aliporudi nyumbani hatukuzungumza sana. Watu wa kanisa walikuja, wakaimba, wakaomba, wakaenda. Wote walisema ni mapenzi ya Mungu, na mimi niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Naona haya nikikumbuka sauti ile.

Siku moja, mchana, baba alikuja. Alikaa nje kwenye kigoda, mbele ya mlango wangu, kama inavyompasa baba. Mke wangu alikuwa ndani, hakutoka, kama inavyompasa mke wa mwana.

"Nieleze kitu kimoja," baba alisema. "Nimewaza nikashindwa. Gari la juzi juzi tu. Lilikufaje?"

Sijui kwa nini nilimwambia kweli siku hiyo. Labda kwa sababu ndilo swali la kwanza alilowahi kuniuliza ambalo hakujua jibu lake. Nikamweleza habari ya turbo, moto wake, oili, na jinsi nilivyokuwa nikizima pale langoni.

"Lilitaka lingurume muda gani?"

"Dakika mbili, tata."

Alivua kofia akaiweka gotini.

"Kila asubuhi ya Sabato mimi hukama ng'ombe," alisema. "Umewahi kuniona nikiwaacha na viwele vinavyowauma kwa sababu ni Sabato?"

"Hapana, tata."

"Basi kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa. Nilikuona kila Ijumaa umesimama ukilitazama jua."

"Jua?" Baba alinigeukia, na nikaona midomo yake inatetemeka, kitu ambacho sikuwahi kukiona hata alipomzika mama yangu. "Mwanangu, mimi najua jua linazama saa ngapi. Nilikuwa nakungoja wewe. Barabara ile ina kona mbaya, na wewe ulikuwa unakimbia."

Nililia mbele ya baba yangu. Kwetu ni aibu, na nililia hivyo hivyo, kwa kwikwi.

Mlango ukafunguliwa nyuma yetu. Mke wangu alitoka akasimama mbele ya baba mkwe wake, kichwa wazi, jambo ambalo hakulifanya kabla wala baada ya siku hiyo. Hakumtazama baba. Alinitazama mimi, na nikatambua kwamba habari ya dakika mbili alikuwa ameisikia sasa hivi, kwa mara ya kwanza.

"Pale mlimani," alisema, "nilipokuuliza ni nini. Ulikuwa unajua?"

Baba aliinuka, akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga, kwa sababu jibu lile halikuwa lake kulisikia. Nikangoja hadi alipopita migomba.

"Nilijua," nikamwambia.