Kufuli la Tangi, Laini Saba

Nyamai wa Kitui na Magdaline wa kule Ziwani, magharibi mwa nchi, walikuwa wapangaji wa ploti moja, Laini Saba, mtaani Kibera. Kompyuta walijifunza wenyewe, na mwaka ule wa 2007 walikuwa wakiandika msimbo wa kuiwezesha modemu kuelewana na mfumo endeshi. Anachoandika huyu, yule hukikagua.

Ubishi wao ulikuwa mmoja. Kosa likitokea katikati ya kazi, Nyamai aliandika programu itoke palepale. Magdaline akakataa: kila hatua imeshika kitu, kama kufuli linalozuia kazi nyingine zisubiri, basi makosa yote yateremke hadi mlango mmoja wa chini, na pale kila kilichoshikwa kiachiliwe, cha mwisho kikitangulia.

"Wewe unatoka mbio na kufuli mkononi," alimwambia. "Wanaolingoja watangoja mpaka mashine igande."

"Nitaliachilia mwenyewe kila mahali pa kutokea, Magda. Siwezi kusahau."

"Mambo yakiharibika, mtu husahau hata jina lake."

Matokeo ya uchaguzi wa Desemba yakatangazwa, Kibera ikawaka. Wakamba walipoanza kunyooshewa vidole kwa kuwa kiongozi wao alijiunga na serikali, Nyamai alitoka palepale, akaenda Kawangware kwa dada yake, Kalondu. Huko ndiko alikotia mkono mfukoni akakuta ufunguo wa kufuli la tangi la maji. Tangi lilikuwa lake, lakini ploti nzima ilichota humo.

Akampigia Magdaline, akidhani wamekwishalivunja kufuli. Hawakuvunja. Watu walikuwa wakiporana kila upande, na wapangaji walikuwa wamekatazana: kufuli la Mkamba aliyekimbia likivunjwa leo, kesho ni mlango wa nyumba yake. Kwa hiyo akina mama walifuata maji Makina, wakiwapita vijana waliofunga njia. Mama Adhis, mpangaji mwenzao, alikuwa amepigwa jiwe la kichwa, na mtungi mgongoni.

Nyamai akamwambia Magdaline ataleta ufunguo asubuhi. Kalondu alimsihi asiende. Kulipokucha akashika njia kwa miguu. Alipofika Olympic, pa kuingilia Kibera, vijana walimzuia, wakamuuliza jina la baba yake wapate kujua kabila lake. Magdaline, aliyekuja kumlaki, akajipenyeza katikati yao.

"Huyu ni wa ploti yetu," akawaambia kwa lugha ya Ziwani, iliyokuwa yao pia. "Ameleta maji."

Wakamwachia.

Alifungua kufuli mbele ya watu wote. Mama Adhis, kitambaa kichwani, akachota wa kwanza bila kumtazama. Ufunguo haukurudi mfukoni tena. Nyamai aliutundika kwenye msumari ukutani, mkono wa yeyote ufike.

Msimbo wake uliporudi kwa Magdaline, makosa yote yaliteremkia mlango mmoja. Aliusoma mara mbili, akaupokea. Hakumtania.