Fainali Mbele ya Mama Mkwe

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nimekaa mpakani Tunduma zaidi ya miaka ishirini, nimecheza pool na madereva wa malori wa kila nchi inayopita hapa, na wengi wao waliondoka wameninunulia soda. Darasa la saba sikulimaliza. Hesabu za pembe nilizijulia mezani: mpira ukigonga ubao hivi, unatoka hivi. Leo nina meza zangu nne na nyumba ya matofali ya kuchoma kule Chapwa, na vyote nimevipata kwa fimbo.

Kuoa ndiko nilichelewa. Mchumba alikuwa wa Isongole, na kwao ukwe si jambo la kuchezea. Mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, wala hapiti karibu naye. Kuinama ukiwa umempa mgongo, makalio yakamwelekea, ni tusi la kuvunja posa. Mshenga wangu, mzee mmoja fundi cherehani, alinifundisha hayo yote. Nikamjibu kwamba heshima naijua.

Wiki tuliyokuwa tunasubiri jibu la ukweni ndiyo ikaangukia fainali ya mji. Zawadi laki mbili na nusu, mpinzani dereva Mzambia, mnene, mdomo mwepesi. Nilicheza vizuri kama kawaida yangu. Ukabaki mpira mweusi peke yake, zamu yangu. Nikainua macho nipake chaki, nikamwona mama mkwe mlangoni, kanga imemfunika nusu ya uso, mfuko wa maharage kiunoni. Alikuwa ameteremka kuuza, akasikia mkwewe anacheza.

Mpira mweupe ulikaa vibaya. Kuupiga sawasawa, lazima niupe mlango mgongo.

"Madala, mzee wangu, umeganda?" Mzambia akasema. "Piga, au nipe hela zangu niondoke."

"Subiri, kaka. Kuna mkwe hapa."

"Mkwe? Yeye anacheza mipira ipi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka. Hela zilikuwa huku, mke kule. Nikakaa ukingoni mwa meza, nikatazama sakafu, nikapitisha fimbo nyuma ya kiuno na kupiga kwa mkono wa kushoto. Mweusi ukaingia, hela zikawa zangu. Mkoa huu sijamwona mwingine wa kuupiga ule mpira.

Kesho yake nikamtuma mshenga Isongole. Nilitegemea sifa. Alirudi jioni, akavua kofia, akakaa.

"Mama amekusamehe ule mpira wa mwisho. Anasema una adabu."

"Si nilikuambia, mzee?"

"Ila alikuwa mlangoni tangu mpira wa kwanza, baba. Umeinama ukimpa mgongo mara kumi na moja. Usipolipa, binti haji."

"Mtu aliyejifunika uso anahesabuje?"

"Kila ukiinama alikuwa anatenga punje moja ya maharage. Amenipa nikuletee."

Akazimwaga mezani. Nikazihesabu mara mbili. Zilikuwa kumi na moja.

Faini ilikuwa elfu ishirini na tano kwa kila punje, na juu yake kitenge cha elfu kumi na nane, cha kumfuta macho kwa aliyoyaona. Mshenga alitaka kwenda kuomba wapunguze. Nikamkataza, maana yule binti nilimtaka. Nililipa shilingi laki mbili na elfu tisini na tatu.