Jicho Halina Mbalamwezi

Jicho langu la kushoto halioni, na sijui liliacha kuona lini. Watu hawaniamini. Wananiuliza, mtu anapofukaje asijue? Ehe, basi ndivyo ilivyokuwa. Lile la kulia lilifanya kazi ya yote mawili, na la kushoto likaondoka kimyakimya. Halikuuma, halikuwasha, hata tongotongo halikutoa. Sasa nimebaki na hilo moja la kulia, na kazi yangu ya uzeeni ni kulilinda.

Mgonjwa wa nyumba yetu alikuwa mume wangu. Alivua dagaa kwa taa miaka mingi, tangu enzi za karabai hadi zilipokuja hizi za betri, na hapa Ujiji mvuvi mzee akianza kupapasa kikombe hakuna anayeshangaa. Tunasema taa imemla macho. Dawa yake pia tunajidai tunaijua: mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, basi mitumbwi inavutwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu na kulala, na macho yanapumzika. Mume wangu alishaachana na ziwa, lakini kila mwezi ukijaa alingoja macho yarudi. Hayakurudi. Asubuhi moja alimimina chai mezani, pembeni kabisa ya kikombe, akaniambia birika limetoboka.

"Birika zima, mzee," nikamwambia. "Vaa kanzu twende hospitali."

Nilikwenda kumsindikiza tu. Muuguzi wa macho, binti mpole, alituamkia, akammulika mume wangu, akasema ni mtoto wa jicho, atafanyiwa upasuaji na ataona. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, bibi?"

"Mimi sina neno. Naona vizuri."

"Kaa hata hivyo. Kwa umri wenu kila mtu anapimwa, hata asiyeumwa."

Mume wangu akacheka. "Huyo mpime, mwanangu. Mimi nikiwa Gungu, yeye ananiona akiwa Ujiji."

Binti akaniziba jicho la kulia, akaniuliza naona vidole vingapi. Nikamwambia avinyanyue kwanza. Akasema ameshavinyanyua.

Daktari alinieleza baadaye. Ni presha ya macho. Haikutokana na taa, na mimi hata mtumbwini sikuwahi kulala. Inawapenda watu wazima, inatembea kwenye damu ya ukoo, na inaanza kula pembeni polepole huku mtu akijiona mzima. Nikakumbuka Katonga, ninakonunua dagaa, nilivyokuwa nikikanyaga walioanikwa upande wangu wa kushoto, na mwenye dagaa akinipigia kelele, "Wee mama, huna macho?" Na mimi nilikuwa namjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nilimuuliza daktari kama dawa italirudisha jicho. Akasema lililokwenda limekwenda. Matone ni ya kulinda lililobaki, asubuhi na jioni, maisha yangu yote. Nikasema sawa. Nilisema kama mtu aliyeambiwa sukari imekwisha dukani. Nilingoja huzuni ije, haikuja. Njiani tulinunua ndizi.

Mume wangu akafanyiwa upasuaji. Bandeji ilipotolewa alinikazia macho, akasema, "Kumbe umezeeka hivi, bibie!" Nikamwambia akatafute kioo, aje tuongee. Wodi nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, lakini kilikuwa kicheko cha mdomoni tu, ndani hakukuwa na mtu.

Nilianza matone. Yanachoma kidogo, basi, hakuna jingine. Hayaongezi mwanga, huoni yamefanya nini. Mwezi ukajaa. Mume wangu akanionea huruma, akasema hata jicho lina haki yake, lipumzike siku hizi za mbalamwezi halafu nitaendelea. Niliona ana akili. Kwetu kila kitu kinapumzika mwezi ukiwa mkubwa, nyavu, mitumbwi, hata ugomvi wa sokoni unapungua kwa kuwa hakuna cha kugombea. Nikaiweka chupa kabatini. Jicho halikulalamika. Mwezi uliofuata tukafanya vilevile, na mwingine tena, na tukajiona wajanja.

Siku ya kliniki daktari alipima, akapima tena.

"Bibi, dawa unatia kila siku?"

Nikamweleza habari ya mbalamwezi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Presha haijui mwezi, bibi. Pembeni mwa jicho la kulia pamepungua. Hapatarudi."

Mume wangu alivua kofia, akawa anaizungusha mikononi. "Mimi ndiye niliyemwambia," akasema.

"Basi sasa mwambie atie kila siku," daktari akajibu, akaniandikia chupa nyingine.

Nilitoka pale bila kusikia kitu, si hasira wala uchungu. Wanangu walipiga simu, nikawaambia na wao wakapimwe, kwa kuwa hii imo kwenye damu, nikakata nikaenda kuchambua mchele. Kwa muda mrefu nilikuwa hivyo. Nilipika, nilisali, nilisalimia watu.

Siku hizi matone anatia yeye. Hataki hata kusikia nikisema nitatia mwenyewe. Tunakaa uani, mimi kwenye kigoda, yeye amesimama mbele yangu, anavuta kope la chini kwa kidole gumba kilichokomaa kwa kamba za nyavu. Juzi asubuhi nilimwambia asubiri kwanza.

"Nini tena?"

"Inama. Lete uso hapa kwenye mwanga."

Akainama. Nikamtazama. Ndevu nyeupe, kovu dogo la ndoana juu ya mdomo, yale macho yake mapya. Nilimtazama kote, taratibu, nisiache mahali.

"Unatafuta nini usoni kwangu?"

"Sitafuti kitu. Nakutazama wakati jicho bado ninalo."

Hakunitania. Akatia tone, na hapo hapo kitu kikanipasuka kifuani, nikalia, mimi ambaye sikulia hospitali wala nyumbani. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa siku zote hizo. Machozi yakatoka na dawa yote, ikateremka shavuni.

Mume wangu akaniacha nilie mpaka nilipomaliza. Akanifuta kwa ncha ya kanga yangu, akaninyanyua kidevu, akatia tone jingine.