Fundi wa Likasi aliyeirudisha meli kinyumenyume

Saa moja na robo asubuhi, jua la Panda, mtaa wa mji wa Likasi, limeshaanza kuuma. Lakini ndani ya karakana hii ya mabati hakuna anayelijali jua. Vyungu vinne vimezama kwenye makaa mekundu, feni iliyong'olewa kwenye lori bovu inavuma kwa nguvu zake zote, na ndani ya vyungu shaba na bati vimeshayeyuka na kuwa maji ya rangi ya chungwa.

“Bote kimya!” anafoka Casimir Kabamba, mzee mfupi mwenye mikono mirefu. “Hakuna muntu wa kusema, hakuna wa kukohoa. Tunamwanga!”

Chungu cha kwanza kinainuka. Wanaume wawili wamekishika kwa koleo, mmoja huku na mwingine huku, wanakiinamisha juu ya shimo la mchanga. “Moya!” Cheche zinaruka. Kabla hakijakauka, cha pili kimeshafika. “Mbili! Musisimame! Tatu! Ine!”

Wanaposhusha chungu cha nne, Casimir anavua kofia na kujipangusa uso. Anacheka peke yake. Kazi yote imechukua muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai, na mwandishi wa makala haya anagundua kwamba naye alikuwa amebana pumzi.

Chini ya mchanga ule kinapoa chombo cha kilo mia mbili na arobaini. Ni pangaboi, ile feni kubwa ya shaba inayozunguka chini ya maji na kuisukuma meli. Ndiyo, meli! Hapa Likasi, ambako usafiri mkubwa ni malori ya madini ya Kakanda na yale ya chokaa ya Kakontwe, na bandari hakuna.

Ukiuliza mtaani karakana ya Casimir Kabamba, watu watakukodolea macho tu. Uliza kwa Papa Marche-arrière, yaani Baba Gia ya Nyuma, na hata mama wa mikate atakuonyesha njia huku akicheka. Jina hilo lina kisa chake.

Casimir ana miaka sitini na miwili. Kwa miaka ishirini na sita alimimina vipuri vya pampu za migodini. Kazi ilipokwisha, yeye na mwenzake wa siku nyingi, Dodo Mwansa, walifungua karakana yao wakawa wanatengeneza sufuria na vipuri vya mashine za kusaga mahindi. Mwezi mzuri humwachia dola mia mbili na hamsini. Mwezi mbaya, anasema, “tunakula sufuria yenyewe.”

Miaka miwili iliyopita simu ililia. Alikuwa Éphraïm, mzaliwa wa Likasi, ambaye sasa ni fundi mkuu wa injini kwenye Mapendano, meli inayobeba zaidi ya abiria mia tatu katika Ziwa Tanganyika, kati ya Kalemie na Moba. Pangaboi la meli lilikuwa limechomoka na kuzama kwenye kina kisichofikika. Jipya kutoka ng'ambo lingechukua miezi minane.

“Akaniambia: Papa Casimir, weye ulikuwa unamwanga bintu ya ba pompe,” anakumbuka Casimir, ambaye pangaboi huliita hélice, kwa Kifaransa. “Hélice iko tu pompe yenye haina nyumba! Minye nikaitika. Ziwa sijaonaka ata siku moja, lakini pompe? Pompe ninajua.”

Vipimo vyote vilikuja kwa simu, kimoja kimoja. Swali la mwisho lilikuwa dogo kuliko yote: linazungukia wapi? Éphraïm akajibu, kuume. Casimir akaandika, kuume.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu wa pampu za mgodini husimama upande wa mota anapotaja mzunguko. Mtu wa meli husimama nje, nyuma ya meli, akitazama mbele. Wote wawili walisema kuume na wote wawili walisema kweli, ila kila mmoja alisimama upande wake, kama watu wawili wanaotazama saa ya kioo, mmoja kwa mbele na mwingine kwa nyuma.

Pangaboi likasafiri siku tisa kwa lori hadi Kalemie, likafungwa, likashangiliwa. Nahodha, Elie Mbombo, akaagiza injini isukume mbele. Mapendano ikarudi nyuma! Ikaligonga gati, mbuzi waliokuwa wakingoja kupakiwa wakatawanyika, na mtu mmoja akadondosha kreti nzima ya soda majini. Hakuna aliyeumia isipokuwa Casimir, na yeye alikuwa Likasi.

“Nilisikia haya mpaka mu mifupa,” anasema. “Nikawaambia: muirudishe. Minye njo nilikosea, minye njo nitatengeneza.”

Pangaboi likarudi siku tisa nyingine. Akalikata, akaliyeyusha, akachonga upya umbo la mbao la kuchapa kwenye mchanga, safari hii akiwa amesimama nyuma. Wakaanza kumimina. Moja, mbili, kisha kwenye chungu cha tatu Dodo akajikwaa.

“Pumzi mbili tu,” anasema Dodo, na mpaka leo anaangalia chini akilisema. “Nilisimama pumzi mbili, kiisha nikamwanga.”

Pumzi mbili zinatosha. Shaba ikisimama kidogo njiani, ile iliyotangulia hupoa, na ile inayofuata huenda isishikamane nayo. Ndani hubaki ufa usioonekana kwa macho. Waliligonga kwa nyundo, likalia vizuri. Casimir hakutulia. Alimweleza Éphraïm kila kitu, naye akaligonga tena kule Kalemie na kulijaribu wiki mbili kwenye maji matulivu. Likafanya kazi.

Lakini abiria walikuwa hawajasahau. Siku ya safari ya kwanza walisimama gatini na mizigo yao, hakuna aliyetaka kutangulia. Ndipo akapita mwanamke mmoja mwenye magunia matatu ya viatu vya kuuza. Ni Gaëlle, binti wa Casimir, aliyekuja na lori lile lile lililoleta pangaboi, akangoja wiki zote mbili za majaribio.

“Nikawaambia: ile hélice ni ya papa yangu,” anasimulia Gaëlle. “Kama iko mubaya, minye njo nitazama wa kwanza. Mupande!” Wakapanda, mia tatu na kumi na wawili.

Ilikuwa mwezi wa sita, majira ya upepo wa kusini. Saa sita mchana Casimir alipokea ujumbe wa sauti kutoka ziwani. Bado ameuhifadhi, na anatusikilizisha. Kwanza upepo, kisha watu wanaimba nyimbo za kanisa kwa kupiga kelele, kisha Gaëlle: “Papa, ziwa imekasirika. Mayi inaingia mpaka mu viti. Utuombee.” Baada ya hapo, kimya. Mtandao ulikatika kwa saa tano.

Nahodha Elie, ambaye tuliongea naye kwa simu, anasema mawimbi yalipita urefu wa mlango wa nyumba. Meli ilipanda wimbi, mkia ukanyanyuka, pangaboi likatokea hewani likizunguka bila kushika kitu, injini ikapiga mayowe. Kisha mkia ukaanguka na pangaboi likayapiga maji kwa kishindo. Likatoka tena, likapiga tena.

“Kama tungegeuka tu ubavu, tungepinduka,” anasema Elie. “Ilifaa kuangalia upepo mu macho na kusukuma. Bantu bote mia tatu walikuwa juu ya ile hélice moya.”

Casimir hakujua lolote kati ya hayo. Alichojua ni pumzi mbili za Dodo. Alikaa karakanani, umbo la mbao magotini, akilipapasa kwa kidole gumba panga la tatu kati ya mapanga yake manne. Mkewe alileta bukari, yaani ugali, ikapoa. Dodo alikaa mkabala naye. Hapa macho ya Casimir yanalowa, na haoni haya kuyafuta mbele ya mgeni.

“Nilikuwa ninawaza: nimemumwangia mutoto yangu kaburi ya shaba.”

Saa kumi na moja jioni simu ikalia. Aliidondosha mara mbili kabla ya kuipokea. Upande wa pili zilikuwa kelele tu, vigelegele, watu wanapiga makofi juu ya mabati. Kisha sauti ya Gaëlle, imekauka kabisa, ikimbadili baba kuwa Gia ya Mbele: “Papa Marche-avant! Tuko ku Moba! Bote! Bote tuko bazima!”

Dodo alitoka mbio mpaka barabarani, akacheza ngoma isiyo na muziki mbele ya lori la Kakontwe. Dereva alidhani mzee amelewa.

Wiki iliyofuata Éphraïm aliitoa meli majini na kulisugua lile pangaboi panga kwa panga. Hakuona ufa hata wa unywele. Mwenye meli akaagiza jingine la akiba, na ndilo hili tuliloshuhudia likimiminwa.

Siku mbili baadaye tunarudi Panda kuona mchanga ukifukuliwa. Linatoka likiwa jeusi, chafu, zito, mapanga manne yamejikunja vizuri. Linaning'inizwa kwa mnyororo. Casimir anamkabidhi Dodo nyundo. Dodo anasita.

“Weye njo unapiga,” anasema Casimir. “Leo haukusimama.”

Dodo anapiga. Sauti inatoka ndefu, safi, inazunguka karakana nzima na kutoka nje mpaka kwa mama wa mikate, ambaye anaiacha mikate yake jikoni na kuja kuchungulia. Wazee wawili wanakumbatiana huku wakicheka kama watu walioachiwa huru.

Lori linaondoka Jumatatu, na safari hii Casimir ataondoka nalo. Hajui kuogelea. Anakiri kwamba anayaogopa maji kuliko anavyouogopa moto. Lakini Gaëlle ameshamkatia tiketi ya Mapendano, Kalemie mpaka Moba, na kumwambia achague mwenyewe mahali pa kukaa.

Amechagua?

“Nyuma,” anajibu bila kufikiri, mkono wake ukiwa bado juu ya shaba. “Ku mukia kabisa, naangalia mbele. Minye sasa ninajua fasi ya kusimama.”