Shikamoo Kwenye Chumba cha Eksirei

Mama yangu alikuwa na swali moja tu kwa madaktari: lini ataruhusiwa kunywa chai. Kiharusi kilimwachia miguu na ulimi lakini kikamharibia umezaji, na kwa wiki tatu alilishwa kwa mpira wa puani. Mwanamke aliyeuza vitenge Kariakoo miaka yote, kikombe cha chai ya tangawizi pembeni, sasa aliikodolea macho chupa yangu ya chai kama mtu aliyeporwa.

Jibu lilitegemea eksirei ya kumeza, kwenye hospitali moja Upanga. Walimketisha mbele ya mashine wakamnywesha bariamu, uji mweupe kama chokaa, ili picha ionyeshe unapita wapi. Mimi nilichelewa, foleni ya magari pale Gerezani ilinikamata. Nikasukuma mlango nikihema, hata taa nyekundu juu yake sikuitazama, nikasema, "Shikamoo mama."

Bariamu ilikuwa mdomoni. Mtu mwingine angeinua mkono tu. Mama yangu hakuwahi kuacha shikamoo ya mtu bila jibu. "Marahaba," akaitikia, na uji ukaingia njia ya hewa.

Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Nikakimbilia chupa ya maji. Kijana wa eksirei, aliyekwisha kuzima mashine, akanishika mkono. "Dada, usimpe kitu. Muache akohoe." Akamwinamisha mbele. Nesi akanyonya uji uliobaki mdomoni kwa mashine, akamwekea oksijeni. Picha ya kifua ilionyesha doa jeupe sehemu ya chini ya pafu la kulia. Wakamlaza siku mbili, wakimpima joto na kumfanyisha mazoezi ya kupumua. Homa haikuja. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, wodi nzima ikanigeukia.

Lakini picha zilionyesha kwamba hata mafunda aliyomeza kabla sijaingia yalikosea njia. Daktari akasema chai asipewe, hata tone, mpaka apimwe tena.

Tuliporudi nyumbani nikageuka askari. Kila asubuhi aliomba, kila asubuhi nilikataa, na chai yangu nikainywea uani ili asisikie harufu. Nilijiona binti mwema sana. Asubuhi moja akasema, "Kijiko kimoja tu, mwanangu." Nikamjibu tutamuuliza daktari wiki ijayo. Alasiri ya siku ile ile moyo wake ukasimama.

Nimemkumbuka mno. Kwa ile shikamoo nilishajisamehe. Natamani arudi asubuhi moja tu, nimpe kile kijiko.